Fundi, Bolti Imegoma! Maswali ya Wasomaji

Mwangaluka wasomaji, hata kama unasoma jioni. Mwezi huu simu yangu imejaa meseji za watu waliokwama katikati ya kazi, yani gari iko juu ya stendi uani, spea mpya iko mezani kwenye boksi lake, nyumbani wanauliza kesho watoto wataenda shule na nini, na kinachozuia vyote hivyo ni kabolti kamoja ka spana namba 10. Nimechagua maswali matano, yote ya wotapampu, yani pampu inayozungusha maji ya kupoza injini. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu limeulizwa na wengi, wengine mtanisamehe.

Fundi shikamoo. Nina IST ya injini ya 1NZ, niko Buhongwa. Maji yamekuwa yanapungua kwenye rejeta taratibu, chini upande wa kulia kunakuwa na unyevu, af juzi napanda kwenda Bugando taa ya joto ikawaka. Fundi mmoja akaniambia wotapampu imekufa. Nimenunua mpya nikaanza kufungua mwenyewe, zote zimetoka imebaki bolti moja ya chini, spana inazunguka tu na kichwa kimeanza kuwa duara. Jirani yangu kashika patasi na nyundo anasema nimpishe. Nimpishe? (Msomaji, Buhongwa)

Marahaba mdogo wangu. Usimpishe. Mwambie aweke patasi chini, mpe chai, mshukuru, af njoo tuongee.

Kwanza tuhakikishe ni pampu kweli maana wotapampu inasingiziwa sana hapa Mwanza mjini. Pampu yenyewe ni kitu rahisi, nje kuna puli inayozungushwa na mkanda, puli imekaa kwenye shafti, shafti iko kwenye beringi, na ndani kuna kafeni kadogo kanakosukuma maji yazunguke kwenye injini yaende rejeta yarudi. Kati ya maji na beringi kuna sili. Walioitengeneza walijua kuna siku sili itachoka, ndo maana wakaacha katundu kadogo kwenye shingo ya pampu ili maji yatokee nje yasiingie kwenye beringi. Mulika na tochi hapo. Ukikuta ukoko wa pinki au mweupe kama chumvi iliyokauka, kesi imeisha. Mkanda ukishatoka shika puli uitikise, ikicheza au ukiizungusha ukasikia inakwaruza, imekufa. Ila kama hakuna ukoko na puli imetulia, rudi kaangalie mipira ya maji na mfuniko wa rejeta kabla hujatoa hela. Kuna mtu alishaniletea gari lile tundu kaliziba na silikoni, anajisifu kabisa kwamba kamaliza tatizo, wiki iliyofuata beringi inalia gari ikiwa bado iko kona ya mtaa unaisikia.

Haya, bolti. Kosa ulishalifanya bila kujua: ulitoa zote zilizo rahisi ukaiacha ngumu peke yake. Sasa hivi pampu nzima inaning'inia kwenye hiyo moja, imekaa upande upande na inaibana zaidi. Chukua mbili kati ya ulizotoa uzirudishe kwa mkono, uzikaze kidogo tu mpaka pampu ikae sawa kwenye uso wake. Siku nyingine legeza zote robo mzunguko kwanza, ukianza na ile yenye sura mbaya kuliko zote, ndo uanze kutoa moja moja. Na bolti za puli zilegeze wakati mkanda bado umo, mkanda ndo unaizuia puli isizunguke, ukiutoa mapema utabaki unahangaika na bisibisi kama mtu anayefungua kopo la samaki.

Watu wanapenda kusema kutu ni hewa ya ziwa. Hapana bana, Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi, hilo tuwaachie wa Tanga na Dar. Gari nyingi tulizonazo zilitembea Japani kabla ya kuja huku, na Japani sehemu za theluji wanamwaga chumvi barabarani kipindi cha baridi, ndo maana gari imefika inang'aa juu lakini ukiingia uvunguni unakuta bolti zimeoza. Af kwenye injini kama yako kuna la pili, bloku ni aluminiamu na bolti ni chuma. Vyuma viwili tofauti vikikaa pamoja na maji yakajipenyeza, aluminiamu inaanza kuliwa, inatoa unga mweupe unaojaza nyuzi zote na kuishika bolti kama saruji. Na pampu yako imevuja miezi mingapi kabla hujagundua? Hayo maji yalikuwa yanaingia hapo hapo.

Spana uliyotumia naijua hata sijaiona, ni ile soketi ya pembe kumi na mbili au spana ya mdomo wazi iliyopanuka. Hizo zinashika bolti kwenye kona tu, ndo zinakula kichwa. Tafuta soketi ya pembe sita, namba 10, isiyochakaa. Safisha kichwa kwa brashi ya waya, toa mafuta na uchafu, hakikisha soketi inaingia mpaka mwisho, hapo utakuwa umeshinda nusu ya vita.

Af mafuta. WD-40 siyo mbaya ila mafuta yaliyotengenezwa maalumu kwa kulegeza kutu ni bora zaidi, na kama mfuko hauruhusu, mafundi wengi wanachanganya ATF (mafuta ya gia ya otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, ile asetoni inayotolea rangi ya kucha. Inafanya kazi, ila inawaka haraka kama petroli kwa hiyo mbali na moto na mbali na sigara ya jirani. Weka jioni, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara kumi hivi, siyo kwa hasira, unagonga kama unabisha hodi kwa mkwe. Ule mtikisiko ndo unapasua kutu na kupitisha mafuta. Weka tena kabla ya kulala, weka tena asubuhi. Najua unataka kumaliza leo. Mimi pia nilitaka kumaliza leo mwaka wangu wa pili kazini, nikavalisha bomba kwenye spana ili nipate nguvu, bolti ikatoka kwa mlio mtamu sana, ila ilitoka nusu. Nusu nyingine nilikaa nayo siku mbili, na gari ilikuwa ya mteja.

Asubuhi usianze kwa kufungua, anza kwa KUKAZA. Kidogo tu, kama unaikaza, mpaka usikie katiki. Hapo kutu imekatika. Sasa fungua robo, rudisha, fungua, rudisha, ongeza mafuta, usiivute moja kwa moja mpaka nje maana uchafu unajikusanya kwenye nyuzi na kukwama tena.

Ikikataa, joto. Aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukipasha kile kisikio cha pampu ya zamani pale bolti inapopita, tundu linalegea kuliko bolti. Pampu hiyo unaitupa kwa hiyo huna cha kuihurumia, ila waya, mipira na petroli vihurumie, na mafuta uliyoweka jana yafute yote kwanza. Mashine ya hewa moto ni salama kuliko mwali wa gesi. Ikishapata moto gusisha mshumaa kwenye shingo ya bolti, nta itayeyuka ivutwe ndani ya nyuzi, kakitu ka kizee lakini kamenitoa mara nyingi. Na usije ukapata wazo la kuwasha injini ili ipate joto, haina maji hiyo!

Kichwa kikizidi kuwa duara kuna soketi ya inchi, tatu ya nane, ni milimita 9.5, unaigongelea juu ya kichwa cha 10 kwa nyundo inang'ata. Au plaizi ya kujifunga, ukiibana kisawasawa. Na mwisho wa yote, hapa ndo jirani yako anaweza kurudi na nyundo yake tukamkubalia kidogo, unakiondoa kichwa chenyewe, kwa kekee au grainda ndogo. Watu wanaogopa hii ila fikiria, kichwa kikitoka pampu inachomoka yenyewe, kinachobaki ni kipande kimesimama kwenye bloku, hakibanwi tena na kitu, na mara nyingi utakishika na plaizi kizunguke kama hakijawahi kuwa na kiburi.

Kufunga ni kazi ya saa moja. Uso wa bloku usafishe kwa kitu cha plastiki au wembe ulioulaza, usichimbe, na ile diski ya kusagia usiiguse kabisa maana unga wake ukiingia kwenye injini utakula beringi za ndani. Gasketi mpya, kavu kama waliokuuzia wamekupa ya chuma, silikoni nyingi siyo uhodari, inayozidi inamong'onyokea ndani inaenda kuziba rejeta. Bolti zilizochoka nunua mpya, anza zote kwa vidole mpaka ziingie mizunguko mitatu minne ndo uchukue racheti. Bolti hizi ndogo zinahitaji kama newtonmita 10 tu, kwa asiye na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ni racheti fupi, mkono mmoja, unasimama ikishabana. Ukisikia raha ya kukaza ujue umeshapitiliza.

Kujaza maji, Mwanza milima haikosekani, paki pua ya gari ikiangalia juu, mfuniko wa rejeta wazi injini ikiwa ya baridi, hita weka kwenye moto, mimina taratibu huku unaminya mpira wa juu mpaka mapovu yaishe, washa, iache mpaka feni izunguke, ongeza yanapopungua. Hewa ikibaki ndani gari itachemsha na pampu mpya utaitukana bure. Kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) ya zamani kinga kwenye beseni usiimwage mtaroni, mitaro ya mjini inaishia Mto Mirongo na Mirongo unaishia ziwani, na kulanti ina ladha ya utamu, mbwa na watoto wanaionja na ni sumu.

Halafu, hujaniambia gari umeinyanyua na nini. Kama ni jeki peke yake au umetegesha mawe, toka chini yake sasa hivi. Najua mawe hapa tunayo ya kumwaga, ila jiwe linateleza na linapasuka, stendi hazipasuki.

Fundi, mimi yangu imeshakatika. RAV4 ya zamani, injini 3S. Bolti imekatikia ndani ya bloku, sawa na uso kabisa, hakuna pa kushika. Kuna mtu ameniambia nibadilishe injini. (Dereva, Musoma)

Huyo mtu anauza injini? Nauliza tu.

Injini hubadilishi. Inayohitajika hapo ni subira na mkono ulionyooka, na kama huna kimoja kati ya hivyo viwili mwite fundi mwenye navyo kwa kazi hiyo tu, nyingine utafanya mwenyewe, siyo aibu.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchomelea nati. Fundi wa kuchomelea anaweka nati juu ya kile kipande, anajaza moto katikati ya nati mpaka ishikane na bolti, unaacha ipoe kidogo, unafungua kwa spana. Inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, inakupa pa kushika na joto linavunja kutu. Mara ya kwanza ikichomoka rudia, mara ya tatu au ya nne mara nyingi inakubali. Kabla hajaanza toa vichwa vyote vya betri, na waya wake wa athi aubane kwenye bloku karibu na hapo, asiubane kwenye bodi huko nyuma, vinginevyo umeme utatafuta njia kupitia kompyuta ya gari.

Kutoboa kwa kekee ndo njia wanayoikimbilia wengi na ndo inayoharibu wengi. Gonga alama katikati kabisa ya bolti kwa senta panchi, KATIKATI, siyo karibu na katikati, anza na biti ndogo, mafuta kila mara, mwendo wa polepole. Ukipinda, biti itakula nyuzi za bloku, na hapo umetengeneza tatizo la pili. Kile chuma cha kuchomolea, cha nyuzi za kinyume, mimi sikipendi kwenye bolti nyembamba. Kinatengenezwa kwa chuma kigumu sana ambacho hakipindi, kinavunjika, na kikivunjikia ndani hakuna biti ya kawaida itakayokitoboa. Watu wamelia hapo.

Ukifika mwisho ukakuta nyuzi zimekufa, toboa upige tapu, kile chuma cha kuchonga nyuzi mpya. Kwa bolti ya M6 (unene milimita 6) tundu la kupigia tapu ni milimita 5, kwa M8 ni 6.8. Kama bloku yenyewe imeliwa kuna zile nyuzi za waya za kupachika, unatoboa kubwa kidogo, unapiga tapu yake, unaingiza waya, unarudi kwenye bolti saizi ile ile. Zikifungwa vizuri bolti inashika imara tena.

Na kwa kuwa ni 3S, kumbuka pampu yako inazungushwa na mkanda wa taiming, siyo ule wa nje. Umeshafungua kote huko, ukirudisha mkanda wa zamani utakuwa umejinyima mwenyewe, huo unabadilishwa kila kilomita 100,000 na hesabu ya kilomita kwenye dashibodi ya gari la mtumba tunajua inavyosomeka. Badilisha vyote kwa pamoja, na alama za taiming zipige picha na simu kabla hujagusa chochote.

Habari fundi, hivi na sisi wa majini unatujibu? Nina boti ya kuvulia dagaa, mashine ni Yamaha ya bensini. Yale maji yanayotoka nyuma kama mkojo yamekuwa membamba na mashine inapata moto. Wenzangu wanasema ni impela. Bolti za kushusha mguu, ile sehemu ya chini yenye propela, zimegoma kabisa. (Mvuvi, Nansio)

Nzuri kaka, na karibu, nyinyi ndo mna wotapampu zinazofanya kazi ngumu kuliko zote maana maji mnayoyatumia mnayachota hapo hapo na mchanga wake.

Kabla ya kushusha chochote, chukua waya mwembamba uingize kwenye lile tundu linalokojoa, chokonoa. Nusu ya mashine ninazoletewa zimezibwa na uchafu tu pale mwisho. Af angalia vichujio vya kunyonyea maji pembeni ya mguu, kipindi cha gugumaji vinajaa majani na mizizi mpaka hakuna kinachopita, na mtu anaenda kununua impela mpya wakati tiba ilikuwa ni vidole. Ukisafisha vyote hivyo na bado mkojo ni mwembamba, sawa, shusha mguu.

Bolti zenu hazigomi kwa chumvi, zinagoma kwa sababu ile ile niliyomwambia wa Buhongwa, chuma ndani ya aluminiamu na maji miaka yote, tena kwenu kibaya zaidi kwa sababu wengi mara ya mwisho zilifungwa kavu bila grisi. Mafuta ya kulegeza, usiku mzima, nyundo ndogo, soketi ya pembe sita, kaza kidogo kwanza. Hewa moto inasaidia sana hapo kwa kuwa mguu ni aluminiamu tupu, ila toa tanki la bensini liweke mbali kabisa, siyo pembeni ya boti, mbali, na usifanyie kazi hiyo mwaloni penye mashine nyingine na madumu ya mafuta ya wenzako. Weka gia kwenye nyutro na uangalie kile chuma cha gia kinachoungana katikati, kwenye mashine nyingi lazima ukitenganishe ndo mguu ushuke, watu wanavuta kwa nguvu wanadhani ni kutu kumbe ni gia.

Impela yenyewe ni gurudumu la mpira lenye mabawa. Ukikuta mabawa yamelala upande mmoja hayarudi, yamepasuka, au moja halipo, badilisha, na kama bawa halipo LITAFUTE, liko huko juu kwenye njia ya maji na litaziba mashine tena wiki ijayo. Angalia na nyumba yake, ile sahani ya chini na kikombe cha juu, mchanga ukishazichora mifereji impela mpya haitavuta vizuri hata iwe halisi namna gani. Kuna kafunguo kadogo ka chuma kanakoshikanisha impela na shafti, kasidondoke majini, weka kitambaa chini. Unapovalisha kikombe paka grisi kidogo, sukuma chini huku unazungusha shafti upande mashine inakozunguka, saa inavyokwenda, ili mabawa yalale upande sahihi.

Bolti zote zirudi na grisi isiyoyeyuka kwa maji, hata kidogo tu, mwakani utanikumbuka. Na usiijaribu mashine nchi kavu hata kwa dakika moja "kusikia inavyonguruma", ule mpira unapozwa na maji yale yale unayoyavuta, bila maji unaungua hapo hapo na utakuwa umenunua nyingine.

Fundi mimi ni wa daladala, Kisesa. Fundi wangu alitoa themostati akasema huku kwetu joto haina kazi. Tangu hapo natia maji ya bomba, saa nyingine ya ziwani. Hii ni pampu ya pili sasa ndani ya miaka miwili. Ni feki?

Inawezekana ni feki, zipo nyingi, ila sidhani kama ndo tatizo.

Kulanti siyo maji ya rangi (ingawa kuna wanaouza maji ya rangi na kuyaita kulanti, ukinunua cha bei ya soda ujue umenunua soda). Ndani yake kuna dawa ya kuzuia kutu, na ndiyo inayolinda sili ya pampu. Ukitia maji matupu kutu inaanza kutoka kwenye vyuma vya ndani, inazunguka na maji kama mchanga, sili inasagwa. Ya ziwani yanaongeza na tope na vijimelea vya kijani. Kwa hiyo unabadilisha pampu kila mwaka wakati ugonjwa uko kwenye dumu.

Af kuna jambo wengi hapa hatulijui. Mwanza na ukanda wote huu wa ziwa tuko juu, uso wa ziwa ni kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na huku juu maji yanachemka kama nyuzi 96, siyo 100. Kinachotuokoa ni mgandamizo wa mfuniko wa rejeta unaopandisha kiwango cha kuchemka juu zaidi, pamoja na kulanti yenyewe. Mfuniko ukiwa umelegea mpira, maji yako yanachemka mapema kuliko ya mwenzako wa Dar. Mfuniko ni bei ndogo, badilisha. Na usiufungue injini ikiwa ya moto, nimeona sura za watu.

Themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, rudisha. Haikuwekwa kwa ajili ya theluji, imewekwa ili injini ipate joto lake haraka na ikae nalo. Nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Bila hiyo injini inazunguka ya baridi, inakula mafuta, oili inakusanya maji, kuta za ndani za silinda zinasagika haraka. Mafundi tunaitoa kwa sababu ikiharibika imefungwa gari inachemsha, na kuitoa ni haraka kuliko kuinunua, huo ndo ukweli na mimi nimeshawahi kufanya hivyo kwa mteja aliyekuwa na safari ya Sengerema usiku, ila nilimwambia arudi nimuwekee mpya. Hakurudi.

Osha mfumo mzima kwa maji safi mpaka yatoke meupe, tia kulanti halisi. Kama ni ya kuchanganya, changanya na maji ya betri, yale ya kuongezea, na soma chupa mara mbili maana dukani yanakaa rafu moja na asidi.

Fundi za leo. Nimebadilisha wotapampu ya Vitz yangu mwenyewe, imekubali, haivuji. Kaka zangu hawaamini. Swali langu dogo, hii ya zamani niitupe? (Dada wa Pasiansi)

Safi sana dada! Kaka zako waambie waje wakushikie tochi siku ya breki.

Usiitupe bado. Baada ya kama wiki moja angalia kiwango cha maji asubuhi kabla hujawasha, na umulike chini ya pampu mpya, tone moja la siku ya kwanza kwenye kale katundu siyo la kukutisha, sili mpya inakaa sawa, ila likiendelea rudisha dukani na risiti. Ndo maana ya zamani unaitunza, muuza spea akitaka kulinganisha unayo mkononi. Wakati unasubiri ishike uichunguze, zungusha puli uone feni la ndani limeliwa au la, ukikuta limemomonyoka kingo ujue maji uliyokuwa unatumia hayakuwa mazuri. Baada ya hapo wape wa skrepa, ila usikubali waipime pamoja na vyuma, mwili wake ni aluminiamu na aluminiamu ina bei yake.